Noti Saba Nyekundu za Rukala

Wako watu ambao wakistaafu hufuga kuku. Wako wanaoingia siasa za kanisa, na wako wanaokaa tu nje ya nyumba wakigombana na mbuzi wa jirani. Mzee Ojakol wa Malaba alipostaafu benki mapema alianza kuhesabu pesa zilizokufa, na mke wake akamwambia waziwazi kwamba afadhali angefuga kuku.

Pesa zenyewe ni zile noti za Afrika Mashariki, za mwisho kabla kila nchi haijachapa zake. Wenye umri watazikumbuka. Zilikuwa na ziwa na mashua yenye tanga, na ukiinua noti kwenye jua, kifaru alijitokeza ndani ya karatasi kana kwamba alikuwa amejificha akikungoja. Tano ilikuwa ya kahawia, kumi ya kijani, ishirini ya buluu. Mia ilikuwa nyekundu, na mia haikuwa mchezo. Wako watu walioishi wakazeeka wakazikwa bila kuishika mkononi.

Na enzi zile, jamani! Ungetoka Busia asubuhi na noti yako moja, ukanunua sukari Jinja, ukapitia Mbale ukamchukulia mkeo kitambaa, chenji ukaja kuimalizia kwa chai na mandazi Malaba, na hakuna mtu popote aliyekuuliza hiyo ni pesa ya wapi. Ilikuwa pesa, basi. Sasa, mwaka wa tisini na sita, ukitembea hatua hamsini tu kuvuka mpaka unashikwa mkono na vijana watatu, kila mmoja na bulungutu lake, Kenya kwa Uganda, Uganda kwa Kenya, na ukipiga chafya umeshapunjwa. Ojakol hakuweza kupita pale bila kusonya.

Ugonjwa wenyewe ulimwanzia buchani. Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, wiki ya pili tangu astaafu. Aliingia bucha moja pale Malaba kununua matumbo, akaona noti nyekundu ya shilingi mia imepigiliwa msumari ukutani kando ya leseni. Akasimama pale ameduwaa mpaka mwenye bucha akamuuliza kama anangoja ng'ombe afufuke.

"Nilidhani tulizichoma zote," Ojakol akasema.

"Hii ilikuwa ya mzee wangu. Alikataa kuirudisha. Alisema serikali ikigeuza mawazo itamkuta tayari."

Sasa, mwelewe kwa nini jambo hilo lilimgusa. Mwaka wa sitini na saba Ojakol alikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, keshia mpya wa benki moja ambayo jina lake naliacha, maana ingali hai na ina mawakili. Benki hiyo ilifungua Busia siku mbili tu kwa wiki, ndani ya duka la kukodi la Mhindi. Tangazo lilipotoka kwamba noti za ziwa zimefika mwisho, ni Ojakol aliyezipokea dirishani kwa miezi, akazifunga mafungu, akazitia kwenye magunia ya lakiri zipelekwe kuchomwa. Alizipenda noti zile, na ni yeye aliyezisindikiza motoni. Pale buchani alijisikia kama mtu aliyekutana sokoni na jamaa ambaye yeye mwenyewe alimmwagia udongo kaburini. Alisahau matumbo. Alienda moja kwa moja dukani akanunua daftari jeusi la kurasa mia mbili.

Kazi yake ilikuwa na taratibu, kwa sababu mtu wa benki hata akilala hulala kwa taratibu. Hakununua noti ya mtu. Aliandika namba yake, jina la mwenyewe, mahali, hali ya karatasi, na jibu la swali moja tu: kwa nini hii haikurudi benki? Swali hilo ndilo lililomtoa nyumbani kwa baiskeli kila wiki. Bumala alipata ishirini ya buluu ndani ya Biblia ya mjane mmoja, aliyopewa na mumewe siku ya harusi, na yule mama hakumruhusu hata kuigusa, basi Ojakol akaisoma namba akiwa amekunja mikono mgongoni, ndipo akaiandika. Karibu na Alupe, mzee aliyekuwa dresa wa vidonda hospitalini alikuwa amezikunja noti nne za tano akazishindilia kwenye fremu ya dirisha ili kioo kisigongegonge. Jamaa mwingine alirithi koti kwa kaka yake, ambaye naye alirithi kwa baba, na kumi ya kijani ilishonwa begani miaka hiyo yote bila mtu kujua mpaka panya alipofichua siri.

Watu walimcheka. "Mzee, unahesabu maiti?" Naye alijibu, "Nahesabu waliopona." Alikuwa na maneno, huyo.

Kufikia mwaka huo wa tisini na sita, daftari lilikuwa na noti mia mbili na kumi na mbili, na kati ya hizo, nyekundu zilikuwa nne tu. Nne, kwa miaka minne ya vumbi! Moja ilikuwa na tundu la msumari, moja nusu yake haipo, moja imetafunwa na mchwa, na ya nne katekista mmoja alikuwa ameibandika kwa gundi ndani ya fremu ya picha ya ubatizo.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Nairobi, mkusanyaji, ambaye Ojakol alikuwa akiandikiana naye barua. Bwana huyo naye alikuwa akihesabu, na yeye alikuwa na pesa. Mwezi wa pili mwaka huo alituma barua akisema kwamba nyekundu zinazidi kuwa adimu kuliko alivyodhani, na akataja bei ambayo angelipa kwa moja tu, mradi haijaguswa. Ojakol alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Chini ya bei kulikuwa na onyo: isioshwe, isipigwe pasi, isibandikwe. Ikiwa na masizi iachwe na masizi yake, kwa sababu noti iliyosafishwa kwa wakusanyaji ni karibu sawa na noti iliyochanika.

Barua hiyo ndiyo iliyomrudisha akilini mwake mama mmoja wa zamani.

Ojakol alikuwa akinywa uji alipomkumbuka, na uji ukapoa. Ilikuwa siku ya kwanza ya kazi baada ya tarehe ya mwisho, mwaka ule wa sitini na saba. Mama kijana mwenye mtoto mgongoni, miguu imejaa tope mpaka magotini, alisukuma noti saba nyekundu chini ya wavu wa dirisha. Ojakol alizihesabu, akaandika "7" ndogo kwa penseli kwenye kona ya ile ya juu, kama makeshia wote walivyofanya na kila fungu, kisha akaitazama kalenda. "Mama, ulikuwa wapi? Hizi zimekufa wiki iliyopita." Akazirudisha. Yule mama hakulia, wala hakubishana. Alizifunga kwenye pindo la leso akatoka. Sheria ni sheria, Ojakol alijiambia siku hiyo, na kwa hilo hakudanganya.

Lakini saba! Saba zilizokuwa pamoja, mikononi mwa mtu ambaye hakuwa na pa kuzipeleka! Kwa bei ya yule bwana, hizo zilikuwa shamba la mlimani na nyumba ya mabati na ng'ombe wa maziwa juu. Tangu siku hiyo Ojakol alitaka kitu kimoja tu, na tukiseme wazi: kumpata yule mama kabla mmoja wao hajafa, amwambie kwamba pesa alizomrudishia zimefufuka na zimezaa. Alikuwa akijitazama kwenye kioo wakati wa kunyoa ndevu akilifanyia mazoezi neno la kwanza atakalomwambia.

Hakujua jina lake, wala kwao. Alichokijua ni ule udongo mweusi miguuni, na udongo ule mtu wa Busia haulizi umetoka wapi. Ni Bunyala, kule mto Nzoia hupanda ukaingia nyumbani bila kubisha hodi. Akampa kazi Winny, mama aliyebadilisha pesa upande wa Busia, mwenye kiti chake cha plastiki, mkoba mweusi, na sauti ya kusikika mpaka Uganda. Winny alikuwa amemtafutia noti nyingi kwa sababu kila muuza samaki alipita kwake.

Ilichukua miezi mitano. Siku moja Ojakol alipofika Busia, Winny alisimama kutoka kwenye kile kiti, jambo ambalo hakulifanya hata kwa polisi.

"Yawa, mzee! Mama yako nimempata!"

"Mama yupi?"

"Si yule wa red! Anaitwa Roselida, mke wa marehemu Wesonga, wa Rukala. Analeta samaki hapa sokoni kila Jumatano. Wenzake walikuwa wanacheka story ya pesa za zamani, yeye akasema tu, 'Mimi niko na zangu saba,' akanyamaza. Nikamuuliza umeziweka wapi, akasema kwa chungu, juu ya dari. Mafuriko ikikuja, anabeba chungu kwanza, ndio abebe vyombo. Mzee, hizo pesa zimebebwa kwa kichwa kuliko maji!"

Ojakol ilibidi akalie kile kiti cha plastiki.

"Sasa Jumatano nikimwona nimwambie aje? Nimwambie ziko na bei?"

"Usithubutu! Usitaje bei. Mwambie tu mtu wa benki atakuja Jumamosi kuziangalia."

"Mtu wa benki? Si ulistaafu?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Hapo ndipo alipokosea, na mimi simtetei. Kwa mdomo alisema anaogopa mabroka, kwamba neno la bei likitoka Jumatano, Alhamisi matapeli watakuwa Rukala. Hilo ni kweli. Lakini kweli nyingine ilikaa chini yake: alitaka kuuona uso wa yule mama atakaposikia. Alitaka heri hiyo imtoke yeye kinywani, amesimama, na tai yake shingoni. Mzee wa miaka hamsini na mbili, akitamani kupigiwa makofi!

Jumamosi alifika Rukala kabla jua halijawa kali. Nchi ile ni tambarare kama sinia. Kwenye kuta za nyumba kulikuwa na mistari ya matope, mmoja juu ya mwingine, na watu walikuwa wakikuambia umri wa watoto wao kwa mistari hiyo. Maghala yalisimama juu ya miguu mirefu. Boma la Roselida lilikuwa limefagiliwa mpaka ardhi ikang'aa, na viti vya mbao vimefunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Kuku alikuwa keshaingia chunguni. Ojakol aliona yote hayo akatabasamu moyoni: mama huyu alikuwa hajui bado kwa nini anasherehekea.

Roselida mwenyewe alikuwa mwembamba, wima, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, na miguu yake ilikuwa ileile ya kutembea kwenye tope. Alimwinamia kidogo. Hakuonyesha kama anamtambua. Pamoja naye alikuwa mwanawe Levis, mwanaume wa miaka thelathini hivi, fundi wa baiskeli mwenye mikono ya grisi, ambaye alimsalimia mgeni kwa vidole viwili tu.

"Huyu ndiye niliyembeba mgongoni," Roselida akasema. Kumbe anamkumbuka! Ojakol akakohoa.

Waliomba, wakala, wakazungumzia mvua. Mgeni huwezi kumwonyesha mambo akiwa na njaa. Ojakol alimeza ugali bila kuuonja. Hatimaye Roselida aliingia ndani, akatoka na sinia iliyofunikwa kitambaa kilichodariziwa maua, akaiweka mezani kwa mikono miwili, akafunua.

Noti saba zilipangwa kwa mstari. Zilikuwa zimenyooka kama kola ya padre. Wekundu wake ulikuwa umefifia ukawa waridi, mashua haikuonekana vizuri, ziwa lilikuwa na madoa meupe ya wanga. Zilimeremeta kwa pasi. Harufu ya sabuni ya unga ikapanda mpaka puani mwa Ojakol, na kila kitu alichokuwa amekipanga kusema kikamtoka kichwani.

"Mama," akasema polepole, "hizi... umezifua?"

"Mara mbili!" Roselida akajibu, na uso wake ulikuwa na fahari kubwa. "Tangu Winny aniambie Jumatano, sijalala. Nikafua kwa maji ya mvua, si ya mto. Nikaanika kwa kivuli. Nikatia wanga ya muhogo kidogo tu, nikapiga pasi ya makaa juu ya kitambaa, pole pole, zisiungue. Nusa! Nusa mwenyewe, bwana wa benki. Sasa hakuna kitu."

"Lakini mama yangu, nani alikwambia uzifue?"

Roselida akamtazama kama mtu anayetazama mzaha usio na kicheko.

"Si wewe?"

"Mimi?"

"Wewe. Mara ya kwanza."

"Mama, wewe ulikuja mara moja. Ulichelewa. Nakumbuka vizuri, tarehe ilikuwa imepita."

"Nilikuja mara mbili," Roselida akasema, bila kupandisha sauti. "Mara ya kwanza tarehe ilikuwa bado wiki nzima. Wesonga alinituma mimi kwa sababu nilikuwa nakuja Busia na samaki wa kukaushwa. Pesa nilizificha chini ya samaki kwa kikapu, mwizi asizione. Nikapanga laini. Nikafika kwa dirisha lako. Ukazichukua, ukaweka hapa kwa pua, ukafanya hivi." Akakunja uso, akapunga mkono mbele ya pua, na kwa sekunde moja Ojakol akajiona mwenyewe, kijana mwembamba na tai mpya. "Ukasema kwa nguvu, watu wote wasikie, 'Mama, hapa ni benki, si jikoni! Nenda ukazifue hizi, zikiacha kunuka ndio urudi!' Laini yote ikacheka. Na mimi nikarudi nyumbani. Nikazitundika kwa upepo. Mvua ikanyesha, Nzoia ikafunga njia siku tano. Nilipofika tena ukaniuliza nilikuwa wapi."

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Ojakol alitafuta siku hiyo kichwani, akaikuta. Haikuwa imepotea hata kidogo. Ilikuwa imekaa nyuma ya ile siku nyingine, ile aliyoipenda, ambayo sheria ilikuwa upande wake. Alikumbuka kikapu. Alikumbuka hata msichana mmoja mwenye gauni la manjano aliyekuwa kwenye foleni, ambaye ndiye yeye Ojakol alitaka kumchekesha.

Hakuweza tena kuficha kitu. Akatoa barua ya bwana wa Nairobi kutoka mfuko wa koti, akawasomea yote, pamoja na bei, pamoja na onyo.

Levis ndiye aliyezungumza kwanza. "Ngoja, mzee. Unasema kabla ya Jumatano hizi zilikuwa pesa za kununua shamba. Halafu wewe ukatuma neno, mama akazifua. Kwa sababu yako. Tena!"

"Ndiyo."

"Na ungesema tu ukweli kwa Winny, ziko sawa mpaka sasa."

"Ndiyo, mwanangu. Nilitaka kusema mwenyewe. Nilitaka..." Alichotaka kilikuwa aibu hata kukitaja.

"Toka kwa boma yetu," Levis akasema.

"Levis, kaa chini," mama yake akasema. Na Levis, na ukubwa wake wote, akakaa.

Roselida aliichukua noti moja, akaigeuza, akairudisha mahali pake. Kama alikuwa analililia shamba, hakuonyesha. Ojakol alimngoja amtukane. Alitamani amtukane, ingekuwa rahisi.

"Nikuulize kitu kimoja tu, bwana wa benki," akasema. "Na unijibu kama mbele ya Mungu. Siku ile ya kwanza, kulikuwa na sheria ya harufu?"

"Sheria gani?"

"Sheria ya benki, kwamba pesa ikinuka samaki haipokelewi."

Hapo Ojakol alikuwa na mlango wazi kabisa wa kutokea. Angesema ndiyo, kulikuwa na sheria, nani Rukala angeenda kuichungulia? Mkubwa wake wa enzi hizo alishakufa, vitabu vya benki vilishaliwa na mchwa. Alimtazama yule mama aliyeketi na mikono imefumbatana magotini, anangoja jibu kwa namna ambayo hakuwa ameisubiria hata bei, na ndipo akaelewa kwamba shamba halikuwa jambo kubwa kwenye ile sinia.

"Hakukuwa," akasema.

"Hakukuwa?"

"Hakukuwa na sheria kama hiyo, mama. Noti ya samaki, ya mafuta, ya damu ya bucha, zote tulipokea. Zilikuwa zinaenda kuchomwa tu. Nilikuwa kijana mjinga. Nilitaka watu wacheke, na walicheka."

Roselida akaisogeza sinia kando.

"Wesonga alikufa mwaka wa themanini na tatu," akasema. "Zile mia saba alikuwa ameuza nyavu zake zote na mtumbwi, tununue mahali Bumala, juu, mbali na maji. Mpaka siku ya kufa aliniambia, 'Roselida, wewe na samaki wako mliharibu pesa zangu.' Hakunipiga, sitamsingizia. Alisema tu. Na maji ikiingia kwa nyumba, anasema. Watu wake wakasikia, wakaanza kusema. Kanisani kina mama wana chama, kila mtu ameshika sanduku la pesa kwa zamu, miaka ishirini. Mimi hawajanipea hata siku moja. Wananipea kufua vitambaa vya madhabahu, kwa sababu eti nilijifunza usafi." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Na mimi mwenyewe niliamini. Miaka ishirini na tisa nanawa mikono, nanawa mikono."

Ojakol alipiga goti. Hakupanga kupiga goti, magoti yalijipiga yenyewe, hapo kwenye ardhi iliyofagiliwa, na suruali yake ya Jumapili. "Nisamehe, mama Levis. Nilikuja hapa kukupa zawadi. Sina hata haki ya kuinywa chai yako."

"Inuka, utachafuka," Roselida akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Levis, chukua baiskeli. Ita ndugu za baba yako, wote. Ita mama mwenyekiti wa chama. Sema mtu wa benki yuko hapa na ana neno."

"Mama, kwani ni lazima..."

"Nimesema uite!"

Walikuja. Mashemeji watatu, mmoja na fimbo, wake zao, kina mama wa chama saba au wanane, na majirani ambao hawakuitwa lakini walikuwa na masikio. Walijaza ua. Wengine waliitazama sinia, wakanong'onezana. Mwenyekiti wa chama alipewa kiti cha kitambaa. Roselida alisimama kando ya mlango wake, hakukaa, na leo mikono yake ilikuwa imetulia.

Ojakol alisimama mbele yao. Neno alilokuwa akilifanyia mazoezi kwenye kioo halikuwepo tena kichwani. Aliwaambia alikuwa nani, aliketi dirisha gani, mwaka gani. Aliwaambia kwamba mama huyu alikuja mapema, wiki nzima kabla ya tarehe, na pesa zote saba, halali, hazikupungua hata moja. Kwamba alirudishwa na keshia mpumbavu kwa ajili ya kichekesho. Kwamba kama Wesonga hakupata shamba Bumala, lawama si ya samaki wala ya mke wake. "Ni yangu," akasema. "Ni mimi niliyeharibu."

Mwenyekiti wa chama aliinamisha kichwa akaanza kuchezea pindo la leso yake. Shemeji wa kwanza akaondoa kofia. Lakini yule mwenye fimbo, mkubwa wao wote, Mzee Wesonga wa pili kama walivyomwita, masikio yake yalikuwa yameshafunga duka zamani. Akamvuta mkono aliyekaa karibu naye.

"Anasema nini?" akauliza kwa sauti kubwa. "Huyu mtu wa benki, anasema nini?"

Ojakol akafungua mdomo arudie. Roselida akamtangulia. Alitoka pale mlangoni, akapita katikati ya watu wote, akainama kwenye sikio la shemeji yake, na sauti aliyoitoa ilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

"Anasema hata zikinuka, zilikuwa pesa!"